Maneno na Wenza Wao

"Rudia," alisema Mkalimani.

Kitinda alikuwa ameulaza ukosi wa shati mezani, na pasi ilikuwa njiani kutoka nchani kuelekea katikati. Ukosi hupigwa hivyo siku zote. Ukianzia katikati, kitambaa kinasukumwa hadi nchani, kinajikunja, na mwenye shati akivaa tai kila mtu anaona. Hilo alilijua tangu kimo chake hakijafika mezani. Hili la Kiingereza ndilo lililomtoa jasho kuliko mvuke.

"Strongly in love," alijaribu.

"Hapana."

"Heavily in love."

"Hiyo ni ya mvua. Mvua ndiyo inayonyesha heavily."

Kule kaunta, shangazi yake, mwenye duka la udobi, alikuwa akibana vijikaratasi vya namba kwenye mashuka. Aliinua kichwa. "Basi mpe hilo lenyewe, mwalimu, mtoto wa watu asiloane bure."

Mkalimani alicheka kidogo, kwa pua tu, kama mtu asiyetaka kumsumbua mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Deeply," alisema. "Deeply in love. Kwa kina. Kama kitu kilichozama."

"Kwa nini isiwe kwa nguvu?" Kitinda aliuliza.

"Ndivyo walivyozoeana. Kila neno la hisia lina mwenza wake. Ukilipa mwenza asiye wake utaeleweka, lakini anayekusikiliza ataona umelitoa kwenye kitabu, hukulitoa moyoni."

"Na yule ofisa wa ubalozi hataki kitabu," shangazi alidakia. "Kitabu alishakisikia mara ya kwanza."

Kitinda aligeuza shati, akaushika mkono wa kushoto, akaunyoosha kwa kiganja. Mara ya kwanza hakupenda kuikumbuka. Alikaa ubalozini mbele ya dirisha la kioo, akaulizwa anajisikiaje juu ya mchumba wake, naye akajibu, "He is good. I like him." Ofisa akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe akajibu habari za koti. Maombi ya viza yakarudi, yamekataliwa. Wameruhusiwa kurudia mara moja tu, wiki ijayo, na safari hii akishindwa faili linafungwa.

Mchumba mwenyewe nyumbani walimwita Mwokaji, kwa kuwa alioka mikate katika mji wa mbali wenye baridi. Alikuwa mtoto wa rafiki wa baba. Hakuwa na kasoro ya kushika mkononi ukawaonyesha watu. Kila akitoka zamu alituma sauti: miguu ya baba inaendeleaje, shangazi bado anabishana na mashine ya kufulia, na wewe umekula? Alipoleta posa mwaka jana, Kitinda aliulizwa peke yake chumbani, mlango ukiwa wazi, hakuna aliyemkazia macho. Alisema ndiyo. Hilo ndilo lililomfunga kuliko kamba. Angekuwa amelazimishwa angepata wa kumlaumu.

Baada ya maombi kurudi, shangazi aliuliza huku na huku, akaambiwa kuna kijana pale hospitali kuu anayewafasiria madaktari wageni. Kiingereza chake alijifunza mwenyewe, na hakuna neno la mwili wala la moyo asilolijua. Ndivyo Mkalimani alivyoanza kuja dukani kila alasiri, akiketi kwenye kigoda kati ya makapu ya nguo chafu na henga za nguo safi, na kumfundisha Kitinda namna ya kumpenda mtu mwingine.

"Twende kwenye huzuni," alisema sasa. "Umetarajia jambo, halikuwa."

"Bitterly disappointed."

"Sawa. Una wasiwasi hadi tumbo linakataa chakula."

"Worried sick."

"Unataka na hutaki."

Kitinda alisita. Pasi nayo ilisita. "Mixed feelings."

"Umeona? Yameshaanza kuja yenyewe."

"Mwalimu," shangazi alisema, "hivi hao watu kila kitu chao cha moyo mpaka kitembee na msindikizaji? Sisi mbona mtu ana huzuni, basi, ana huzuni?"

Mkalimani alilifikiria. Kitinda alipenda namna alivyofikiria. Hata swali la mzaha alilipokea kwa mikono miwili.

"Sisi nasi tuna yetu, shangazi. Sisi tunaingiwa na hofu. Tunashikwa na hasira, tunapatwa na huzuni. Ukisikiliza vizuri, kwetu hisia ndiyo inayokuja kumkamata mtu. Mtu mwenyewe amekaa tu, hana analoweza."

"Na wao?"

"Wao mara nyingi wanajisemea kama waliochagua. Isipokuwa kwenye mapenzi. Hapo wanasema wameanguka." Aliinamisha macho. "Hapo tu wamekubali kwamba hakuna anayeshika breki."

Shangazi alicheka hadi kijikaratasi kikamponyoka. "Mwalimu, wewe una mke?"

"Sina."

"Basi anguka upesi, umri hauna breki pia."

Kitinda alitazama chini akakuta ameupiga mkono uleule mara mbili, na sasa una mistari miwili, mmoja kando ya mwingine kama reli. Alichukua chupa ya maji, akanyunyiza, akaanza upya. Uso ulimwaka. Alijiambia ni mvuke.

Haikuwa ghafla. Ingekuwa ghafla angeshtuka akajihadhari. Ilianza siku Mkalimani alipomwambia asione haya kukosea, na yeye akagundua kwamba mbele ya mtu huyu haoni haya. Halafu akaanza kusikia kengele ya mlango kabla haijalia. Halafu akawa akipiga pasi asubuhi anatafuta maneno ya kumuuliza alasiri, na akiyapata anafurahi kama aliyeokota kitu. Mkalimani hakuwahi kumwambia neno la pembeni. Ila alikuwa akimaliza somo hasimami mara moja. Alikaa kidogo, mikono magotini, akitazama henga, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

"Haya," alisema Mkalimani, akanyooka kwenye kigoda. "Mimi ofisa. Wewe uko dirishani. Usitafute maneno mazuri. Tafuta mtu unayemwambia, maneno yatakufuata."

Shangazi akaweka mashuka chini, akakunja mikono kifuani. Alikuwa haambulii hata neno, lakini sehemu hii aliipenda kama mchezo wa redio.

Mkalimani akauliza, kwa Kiingereza, anajisikiaje akiwa mbali na mpenzi wake.

Kitinda aliisimamisha pasi. Alifungua kinywa amtafute Mwokaji: uso wake kwenye picha, kofia nyeupe, unga kwenye nyusi. Alimtafuta kwa dhati. Mtu aliyemwona alikuwa ameketi kwenye kigoda, kiatu kimoja kimelegea kamba.

"I miss you terribly," alisema.

Mkalimani hakusahihisha.

Kitinda aliendelea. Alisema polepole, neno moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza hayakumgomea. Alisema hakupanga. Alisema ameanguka. Deeply, alisema, na neno likazama mahali pake bila kusukumwa. Alisema worried sick, alisema mixed feelings, akasema hawezi kujizuia, akaomba msamaha. Hakuwa akimwambia ofisa yeyote. Mkalimani alijua. Mikono yake ilikuwa imetoka magotini, imeshikana, vidole vimebanana hadi kucha zimekuwa nyeupe. Walitazamana juu ya shati la mtu wasiyemjua, mashine ikizungusha nguo.

"And I..." Mkalimani alianza.

"Hapo sasa!" Shangazi alikuwa akifuta macho kwa ncha ya shuka la mteja. "Hapo sasa, mwanangu! Mwenzenu sijaelewa hata chembe, lakini nimelia. Wakikuona hivyo wataanza kulia wao. Ndiyo maana nikairekodi."

Kitinda aligeuka. Simu ilikuwa juu ya kaunta, imeegemezwa kwenye kopo la vibanio.

"Umerekodi nini, shangazi?"

"Sauti yako. Nimempelekea mwenyewe. Kila siku ananiuliza, shangazi, Kiingereza kinaendeleaje, nikamwambia leo utasikia."

"Futa."

"Nifute nini?"

"Futa, shangazi, tafadhali. Nimekosea. Nimekosea maneno."

"Umekosea wapi? Mwalimu, amekosea?"

Mkalimani alimtazama Kitinda, akamtazama shangazi. Mtu mwingine angedanganya hapo. "Hajakosea," alisema, kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko yeye.

"Unaona? Na hata hivyo kashasikiliza, alama si hizi hapa. Ameshaanza kujibu." Jibu lilipoingia, shangazi aliinua simu kwa mikono miwili, akaiweka sauti juu.

Walisikia kwanza upepo, na mlango mzito ukifungwa. Kisha Mwokaji.

"Kitinda. Nimetoka nje huku nyuma, wenzangu wasinione." Alipumua. "Sikiliza, nikwambie jambo ambalo sasa halina kazi tena. Leo nilikuwa nimejipanga. Nikitoka zamu nikupigie, nikwambie basi. Kama moyo wako haupo huku, nakuachia, hakuna ubaya. Kwa baba ningesema mimi mwenyewe kwamba ni mimi niliyeshindwa, usije ukalaumiwa wewe. Nilikuwa nimeshapanga hadi maneno. Kwa sababu kila nikikusikiliza nilikuwa namsikia mtu mwenye adabu. Adabu tu. Sasa leo nimesikia hii." Upepo ulivuma. "Unaniomba msamaha wa nini? Mimi ndiye wa kuomba. Nilikushuku. Wakikukatalia safari hii, nitakuja mimi huko, niache kila kitu. Nimekusikia, Kitinda. Nimekusikia."

Shangazi hakungoja iishe vizuri. "Lazima kaka asikie haya," alisema, akapita mlango wa nyuma unaoingia nyumbani, kandambili zikipiga sakafu, akiita kaka, kaka, amka huko.

Wakabaki wawili. Haikuwahi kutokea tangu masomo yaanze.

"Umesikia," alisema Kitinda.

"Nimesikia."

"Alikuwa aniachie. Leo hii. Bila ugomvi, bila mtu kuumia."

Kitinda alilisukuma shati kando.

"Kama ningenyamaza tu. Kama ningesema strongly, heavily, yale ya mvua. Ningekosea kama kawaida yangu, jioni hii ningekuwa sina mchumba."

"Mpigie sasa. Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba sauti ni yangu na mapenzi ni ya kweli, ila siyo yake? Ametoka nje alie kwenye baridi, mimi nimwambie hivyo?" Alishika ukingo wa meza. "Ungekuwa wewe, ungeweza?"

"Sijui."

"Wewe ndiye mwenye maneno."

"Mimi?" Mkalimani alitazama viganja vyake. "Nimewaambia watu mambo magumu, Kitinda. Nimemwambia mtu kwamba mguu utakatwa. Nimemwambia mama kwamba mtoto hatapona. Lakini kila mara mbele yangu alikuwepo daktari aliyeanza kusema. Mimi napokea, napeleka. Maisha yangu yote sijawahi kuanza mimi."

"Basi anza leo."

Alisimama. Kigoda kikaanguka nyuma yake wala hakugeuka. Alikuwa karibu kiasi kwamba Kitinda aliona mahali wembe ulipompitia vibaya asubuhi, chini ya taya. Akafungua kinywa, na Kitinda akajua kwamba likitoka, hata liwe moja, ataizima pasi na kutoka naye kwa mlango wa mbele.

Mkongojo ukagonga kwenye korido.

Baba aliingia akiwa ameshikwa mkono na shangazi, shati limefungwa vifungo vimepishana, uso umemeremeta kama wa mtu aliyeletewa mjukuu. Alikuwa hajafika dukani kwa muda mrefu. Ile ngazi moja ya mlangoni ilimshinda. Leo ameipanda.

"Niwekeeni," alisema. "Nimsikie binti yangu."

Shangazi akaiweka. Sauti ya Kitinda ikajaa duka, yenyewe, uchi, na mwenyewe akasimama hapo akiisikiliza kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua ng'ambo ya mto. Ilipokwisha baba alitikisa kichwa.

"Tamu. Lakini mimi na hiyo lugha hatukusalimiana. Mwalimu, kazi yako si ndiyo hii? Nifasirie. Wala usinipunguzie."

"Mzee, ni zoezi tu," alisema Mkalimani.

"Zoezi limemtoa mwanamume machozi. Nifasirie."

Katika kazi yake Mkalimani alikuwa na sheria ambayo hakuwahi kuivunja. Anayefasiri hasemi "mgonjwa anasema anaumwa." Anasema "naumwa." Anasimama mahali pa msemaji, anachukua maneno yake yote, haongezi, hapunguzi, na anamtazama anayesikiliza. Alisimama hivyo sasa, mikono imeshuka kando. Shangazi akarudisha mwanzo. Sauti ikasema, ikasimamishwa, naye akasema.

"Nakukumbuka kupita kiasi."

Sauti ikasema, ikasimamishwa.

"Sikupanga. Nimejikuta nimeanguka."

Alikuwa akimtazama baba kama sheria inavyotaka. Baba alikuwa ameegemea mkongojo kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Nimezama. Nimezama katika kukupenda, wala sioni chini. Naogopa hadi mwili unaniuma. Nataka, na sitaki kutaka." Hapo macho ya Mkalimani yakaiacha sheria, yakahama taratibu kutoka kwa mzee hadi kwenye meza ya pasi, yakakaa hapo. "Siwezi kujizuia. Nimejaribu. Nisamehe."

*Nimejaribu* haikuwemo kwenye rekodi. Kitinda peke yake alijua.

Aliushika mdomo kwa kiganja. Alikuwa ametamani kulisikia neno hilo wiki zote hizi, na sasa amelisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo, kwa sauti aliyoitaka, mbele ya baba yake. Na kila aliyekuwa mle ndani aliamini ni la mtu mwingine.

Baba alifumbua macho. "Marehemu mama yake hakuwahi kunisemesha hivi," alisema. "Alikuwa ananiuliza tu kama nimefunga mlango."

"Na wewe ulikuwa hufungi," alisema shangazi.

"Nilikuwa nasahau makusudi, aniulize tena." Alicheka, akakohoa, akamnyooshea Kitinda mkono. Kitinda akaenda, akaubusu mkono ule mkavu. "Nilikuwa na hofu, mwanangu. Nilidhani ulikubali kwa ajili yangu. Nilikuwa silali. Leo nitalala."

Kitinda akamfunga upya kifungo kimoja kilichopishana. Alikuwa nayo sasa maneno mengi, yote na wenza wake. "Ulale, baba," alisema.

"Na wewe, kijana," baba alimgeukia Mkalimani, "una kipaji. Umesema kama vile ni yako."

"Asante, mzee."

"Mungu akupe wa kumwambia."

Shangazi akamgeuza kwa uangalifu, wakaanza kurudi, ngazi kwanza, mkongojo baadaye, mzee akisimulia upya habari ya mlango. Shangazi aliita bila kugeuka: "Kesho uwahi, mwalimu! Hayajaisha hayo, ofisa atamuuliza mpaka namna walivyoagana!"

Mkalimani aliinua kigoda, akakisimamisha. Alijifunga kamba ya kiatu, akachukua muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

"Ulikuwa unasema nini?" Kitinda alimuuliza kwa chini. "Kabla hawajaingia."

"Nimeshasema."

"Umemwambia baba."

"Ndiyo." Alisimama. "Sasa nikusemeshe wewe, halafu yeye asilale?"

Kitinda alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Mwokaji ni mtu mwema. Baba amepanda ngazi. Shangazi amelia kwa furaha ya wengine. Aliwapitia wote moyoni mmoja mmoja, kila mmoja akamkuta hana kosa, na katikati yao hapakuwa na upenyo hata wa kupitisha mkono.

"Usije kesho," alisema.

"Sawa."

"Unasema sawa?"

"Unataka niseme nini, Kitinda?"

Nje gari lilipunguza mwendo, likaendelea. Mkalimani alifika mlangoni, akashika kitasa, akabaki amekishika.

"Ubalozini ni wiki ijayo," alisema akiutazama mlango. "Nisipokuja watauliza kwa nini."

"Watauliza."

"Na yamebaki yale ya kuagana. Ni machache. Ila ni magumu, huwa yanachanganya watu."

Kitinda aliliona shati mezani: mkono mmoja umenyooka, wa pili bado una makunyanzi yote ya kapuni. Na chini ya meza kapu limejaa. Alizima pasi, akavuta waya, akalifunika shati kwa shuka lisije likapata vumbi usiku.

"Basi njoo," alisema. "Tutaanzia hapo."